Siku Nilimuandikia Mukwe Yangu Numero 999

Balikuwako pale: Clarisse, mujukuu yangu, mutoto ya binti yangu ya kwanza Jeanne, yeye njo mwenye mashine, ile kompyuta ya kupanga bagonjwa; Profesa Kabeya, mwalimu yake wa ku iniversite, mwenye alikuya kuangalia kama ile mashine inatumika ama hapana; Astrid, infirmière (muuguzi), binti ya marehemu Donatien mwenye alitumikaka na marehemu bwana yangu ku reli miaka kumi na saba, na juu ya ile siwezi kumuita jina ingine kuliko mutoto yangu; Papa Évariste, mukwe yangu, baba ya bwana ya binti yangu ya pili Godelieve; na Solange, mujukuu ya jirani yangu Mama Bernadette, na mutoto yake ku mugongo, jina Merveille, miezi saba. Kiisha miye. Bagonjwa bengine nabajua bote majina, lakini nikibataja bote mutasinzia. Haba nabaweka mbele sababu njo bale baliona haya yangu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na muntu mwenye aliona haya yako na anakusalimia mpaka leo, inafaa umutaje muzuri.

Haya yenyewe iko hivi: miye mama wa miaka makumi saba na ine, mwenye nilisoma paka mpaka ya tatu primaire (baba alisema inatosha, nilishajua kusoma katekisimu), niliharibisha kazi ya mujukuu yangu kwa kidole kimoja, ku kituo cha afya cha paroisse (parokia) yetu hapa ku commune ya Kenya, mutaa wa Lubumbashi, haiko ile inchi, bantu bote bakiangalia.

Inaomba mujue kwanza kama miye njo nachungaka banc, ile kiti ndefu ya kungojea, ya kile kituo. Hakuna mwenye aliniweka. Nilikuyaka siku moja kupima tension ya damu, na niliona bantu banagombana juu ya mustari, sababu bengine balikuwa banaacha kiatu ku banc asubui sana, banarudia ku nyumba kunywa chai, kiisha banakuya saa ine banasema, kiatu yangu ilifika mbele ya weye. Nilisimama nilisema, kiatu haiko mugonjwa. Tangu ile siku nabashika bote mu kichwa: nani alifika, nyuma ya nani, na shida gani. Mama wa uchungu ya kuzaa anapita, mutoto wa homa anapita, kidonda kinangoya. Benye shida ya sawasawa, wa kwanza kufika njo wa kwanza kuingia. Na mwenye alingoya sana, hata kama shida yake iko ndogo, nikiona jua linapanda namusukuma mbele, sababu kama kila saa anakuya mwenye kumupita, ataingia siku gani?

Sasa Clarisse alikuya kunikuta siku moja niko nachambua maharagi. Anasoma informatique, elimu ya kompyuta, mwaka yake ya mwisho, na ilibakia paka kazi yake ya kumaliza masomo. Aliikala pembeni yangu alisema (nkambo kwetu ni bibi):

— Nkambo, ile yenye unafanyaka ku banc, njo ile prof anatulomba tuandike mu mashine.

— Prof yako alijuaje ile yenye iko mu kichwa yangu?

— Hakujua. Banaita ile *file de priorité*. Mustari yenye inaangalia shida, haiangalie saa ya kufika peke yake. Weye uko nayo tangu zamani, bila kusoma.

Siwezi kuwaficha, ile maneno ilinifurahisha kupita kiasi, na pengine njo pale kichwa yangu ilianza kuvimba. Tulifanya siku nyingi pamoja. Alinifasiria kama kila mugonjwa mu mashine ni *objet*, kintu, na bagonjwa bote banatoka mu *classe* moja, sawa vile matofali yote yanatoka mu moule (kalibu) moja: moule haiko tofali, lakini bila moule kila tofali ingekuwa na sura yake. Kila objet iko na jina, saa ya kufika, na numero ya shida, kutoka moja mpaka kumi, na kumi njo shida kubwa kabisa. Kiisha mustari nayo iko objet, na inajua kufanya bintu tatu tu: kuingiza muntu, kuchungulia nani iko wa kwanza, na kumutosha aende kwa munganga.

Nilimuuliza mundani banaikala namna gani, sababu miye nilizani ni banc ndefu. Alitwaa maharagi yangu ku sinia, aliweka moja kubwa yulu, mbili chini yake, na chini ya kila moja mbili ingine.

— Sheria iko moja, Nkambo. Mwenye iko yulu asiwe na shida ndogo kuliko ya bale beko chini yake. Benye beko pembeni, ndugu na ndugu, hatuangalie nani anapita mwenzake. Mugeni anaikala chini kabisa, anauliza mwenye iko yulu yake: shida yangu inapita ya yako? Kama inapita, banabadilisha kiti, na anauliza tena wa yulu. Akikuta mwenye kumushinda, anasimama pale.

— Na wa yulu kabisa akiitwa?

— Wa mwisho anapandishwa ku kiti yake, kiisha anashuka mpaka pa kumufaa.

— Huyu anasumbuliwa bure.

— Anasumbuliwa yeye moja, lakini bengine karibu bote hawasimame. Njo uzuri yake.

Nilikubali. Ilikuwa kazi ya akili, na sheria zangu zote alizitia mundani, hata ile ya kusukuma mwenye alingoya sana. Lakini alipofika ku jambo moja, tulipishana. Alisema zile numero zote zinabaki *privé*, maana yake zimefungwa, hakuna mukono ya muntu kuingia mundani. Kila kintu kipite ku ile milango tatu: kuingiza, kuchungulia, kutosha. Miye nilisema hapana. Miaka yote hii banc iko yangu, leo mashine inikataze kusogeza muntu?

— Uniachie pahali padogo pa kubadilisha numero kwa mukono.

— Nkambo, prof atanigombeza.

— Prof yako alikuogeshaka ukiwa mudogo?

Clarisse ni mutoto wa heshima, anafanana na mama yake Jeanne kabisa. Alisema sawa, nitaacha numero wazi mpaka siku ya kuonyesha ipite, kiisha nafunga, lakini usiguse. Nilimuambia sitagusa. Na ile saa nilikuwa nasema kweli.

Siku ilifika. Profesa Kabeya alikuwa amemuambia hivi: nikiona mashine inatumika asubui nzima bila kosa, naweka sahihi, unaenda kujitetea mbele ya jury ya baprofesa pamoja na benzako, nikiona kosa, unarudilia mwaka. Mwaka mzima. Jeanne hakulala, Clarisse hakukula, na miye nilivaa kitenge yangu ya fête (sikukuu).

Tuliweka televizio ku ukuta, kila muntu asome jina yake na numero yake, na spika ya chorale (kwaya) juu ya kuita. (Sauti ya mundani ya mashine ilikuwa ya mwanamuke muzungu, alikuwa anaita majina yetu sawa muntu mwenye kinywa yake iko na kiazi ya moto. Bantu balicheka kila mara.) Astrid alikuwa ku mulango, anaangalia mugonjwa, anasema jina na numero, Clarisse anaandika, miye pembeni yake. Profesa aliikala nyuma kabisa na kitabu chake cha kuandikia, sawa muntu wa serikali.

Balifika batatu ba kwanza: Henriette na mimba yake, numero sita; Léontine na kidonda ya muguu, ine; Stanislas na jino, tano, uso yake imevimba upande moja. Kiisha mulango inafunguka, naona kofia naijua. Papa Évariste.

Sasa mwenye hajaozesha binti hataelewa hapa. Mukwe ni mukwe. Akiingia ku nyumba yako, haumuache asimame, haumuache angoye, haukule mbele yake. Na akikukuta ku pahali penye weye njo mukubwa, na umuache ku banc masaa tatu nyuma ya jino ya Stanislas, ile habari itafika ku nyumba ya binti yako mbele weye haujafika kwako. Alikuya paka kupima tension. Astrid alimuangalia alisema: Évariste, mbili. Mbili, mbele ya macho yangu. Alinisalimia kwa mikono yote mbili, na alienda kuikala pa mwisho ya banc sawa muntu yeyote, na ile upole yake njo ilinimaliza. Na nyuma yake balifika tena batatu.

Ile saa Profesa alimuita Clarisse inje juu ya kuuliza kintu. Nilibaki peke yangu na mashine.

Nilisogeza ile kamushale ya mashine mpaka ku numero ya Évariste, sawa vile Clarisse alinionyesha. Nilifuta mbili. Niliandika tisa.

Mashine iliita Henriette.

Nilisema sawa, Henriette iko na mimba, inafaa. Lakini pengine sikufinya muzuri. Niliongeza tisa ingine, 99. Évariste hakusogea. Nilifinya tena. Na ku televizio, ku ukuta, mu herufi za kubwa zenye miye mwenyewe nililomba ziwe kubwa juu ya bazee, bantu bote balisoma: Évariste, 999.

Mama moja aliuliza pole pole, 999 ni ugonjwa gani. Stanislas, na uso yake ya kuvimba, alisema yeye hajui, lakini numero zinaishiaka ku kumi. Mama mwenye alikuwa pembeni ya mukwe yangu alifunika pua na kitenge yake, alisogea. Mwenzake naye alisogea. Mu dakika mbili banc ilikuwa imejaa upande moja mpaka bantu banaikaliana ku mapaja, na upande ingine Papa Évariste peke yake, mikono ku magoti. Macho yake haione mbali. Aliniita:

— Mukwe, baliniandika nini pale?

— Hakuna kintu, Papa Évariste. Ni mashine.

— Mashine ilinipima saa gani?

Niligeuka ku mashine. Papa Évariste alitosha rozari yake mu mufuko alianza kusali, na miye nilishindwa kufuta, sababu niliogopa kuharibisha zaidi. Profesa alirudia ku kiti yake ya nyuma; Clarisse alirudi, hakuangalia ukuta, aliikala aliendelea kuandika, sababu majina yalikuwa yanafuatana ku mulango. Aliingia mugonjwa moja. Nyuma yake Solange na Merveille. Astrid aligusa mutoto ku shingo, alisema nane, usijali, utaitwa sasa hivi, na alikimbia mundani kupiga sindano. Kiisha baliingia tena babili.

Mashine iliita Stanislas.

Miye mu kichwa yangu nilisema: hapana. Merveille iko na nane, Stanislas tano, sababu gani aliitwa mbele? Niliangalia Solange. Solange ni mutoto wa kimya, hata akikanyagwa muguu anaomba pardon. Alikuwa anangoya. Nilijiambia mashine inajua. Ilisomea, miye sikusoma. Nilikaa hivyo, nikijua, dakika kumi nzima, na zile dakika kumi njo naonea haya mpaka leo kuliko ile 999.

Kiisha mashine iliita Léontine, ine. Nilisimama nilienda kwa Solange, nilishika muguu ya mutoto. Ilikuwa moto sawa sufuria. Nilimuinua kichwa, macho yake ilikuwa inapanda yulu, haikuniona.

Pale nilijua mambo mbili pamoja. Ya kwanza, kama naita kwa nguvu, Profesa anasikia, anaandika kosa, na Clarisse anarudilia mwaka juu yangu. Ya pili ilikuwa mu mikono yangu, inachomeka. Siwezi kudanganya kama nilifikiri sana. Nilimutosha mutoto ku mugongo ya mama yake, nilisukuma mulango ya munganga bila kubisha, Léontine akiwa na muguu yulu ya kiti, na nilisema: munganga, huyu njo wa kwanza, mashine ilikosea, na ni miye nilikosesha mashine.

Mulango ilibakia wazi. Bote balisikia.

Munganga alitwaa Merveille, Astrid alileta maji na kitambaa, Léontine alishusha muguu yake yeye mwenyewe na alishika chupa ya serum, alisimama nayo vile mpaka balipata pa kuitundika. Malaria. Munganga alisema mumefika mbele saa haijapita. Solange alilia, miye nililia, na nilipotoka bantu bote ba banc balikuwa bamesimama, na Profesa Kabeya mbele ya mashine, na Clarisse pembeni yake, uso ku chini.

— Mama, alisema Profesa, ulijuaje kama mashine ilikosea?

Nilimutajia. Nani alifika nyuma ya nani, shida ya kila muntu, nani angeitwa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Alikuwa anaangalia kitabu chake na anaweka alama. Kiisha alimuuliza Clarisse:

— Na mutoto wa numero nane alibaki wapi?

Clarisse aliangalia mu mashine, kiti kimoja kimoja. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

— Chini ya Papa Évariste. Numero yake ilibadilishwa, lakini hakuna mwenye alimuambia apande. Alibaki ku kiti yake ya chini na numero kubwa. Mutoto alifika, aliuliza mwenye iko yulu yake, alikuta 999, alisimama pale.

Njo kusema mukwe yangu alikuwa ameikala ku ngazi, na hakuna mwenye aliweza kupita. Na yeye mwenyewe, ile saa niliandika, hakupanda. Heshima yote ile, na haikumusogeza hata kiti moja.

— Ni miye, Profesa, nilisema. Nilimulazimisha aache wazi. Yeye alikataa. Mutoto wa bantu asirudilie mwaka juu ya kichwa yangu.

— Mama, hapa sikubaliane na weye, Profesa alisema. Kila kituo kitakuwa na muntu mwenye kupenda mukwe yake. Objet yenye inaacha mikono ya bantu kuingia mu tumbo yake, kosa ni ya mwenye aliiumba. Clarisse, ulijua?

— Nilijua, Prof.

— Na uliacha.

— Ni nkambo yangu, Prof.

Alifunga kitabu. Tulingoya bote, hata bagonjwa. Alisema leo sahihi hakuna, ile siwezi. Lakini akanipa macho, sawa muntu mwenye anaficha kicheko, alisema asubui nzima bila kosa haingemufundisha Clarisse sana, lakini kosa hii imemufundisha. Aende afunge, afikiri namna ya kubadilisha numero yenye kuwa halali, na arudie kumuonyesha mu siku kumi na ine, hapahapa, na huyu mama akiwa ku banc.

Papa Évariste alikuwa angali na rozari.

— Mukwe, aliniambia, sasa niko na siku ngapi?

Nilipiga magoti nilimufasiria yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Kiisha alicheka, yeye mwenye hachekaka, alicheka mpaka alivua kofia.

— Niliaga dunia pale ku banc juu ya heshima yako, alisema. Siku ingine, unipatie maji ya kunywa, inatosha. Miye niko na siku nyingi za kungoya. Ile mutoto alikuwa na saa moja.

Clarisse alifunga numero. Aliongeza mulango ya ine: kubadilisha shida ya mugonjwa. Astrid peke yake njo anaweza, anaandika sababu, na muntu akibadilishwa numero anapanda ama anashuka palepale mpaka pa kumufaa. Nilijaribu miye mwenyewe kuingiza mukono, Profesa akiangalia. Mashine ilinikatalia. Nilijaribu tena kwa upande ingine, ilinikatalia, na Profesa aliweka sahihi juu ya meza ya Astrid. Siku ya kujitetea niliikala nyuma na Jeanne, na muzee moja wa jury aliuliza juu ya nini numero imefungwa kwa ukali vile. Clarisse aliwaambia habari ya bibi moja na mukwe yake, bila jina. Nilinyanyua mukono, nilisema ni miye. Balicheka, balimupa alama za muzuri.

Banc nachunga mpaka leo, sababu mashine haijue kumushika mikono mwenye kuogopa sindano. Ila sitaweka tena kidole mu kazi ya muntu mwenye aliniambia usiguse, hata mukwe kumi baingie pamoja. Aksanti Astrid, aksanti munganga, aksanti Léontine na muguu yake, aksanti Papa Évariste mwenye hakupeleka ile habari kwa Godelieve (alimupelekea miezi mitatu kiisha pale, na kicheko, njo maana nasema aksanti). Aksanti Solange, mwenye hakuniuliza hata siku moja zile dakika kumi nilikuwa nafanya nini. Merveille anatembea sasa, ananivuta kitenge.

Na ninyi benye mulikuwako, nilisema Léontine alikuwa na ine, lakini nalala nafikiri pengine ilikuwa tatu, na kati ya bale babili ba mwisho sina hakika kama Fidèle aliingia mbele ya Marie-Claire ama nyuma. Kama nilikosea mustari ya muntu, akuye aniambie. Niko ku banc kila siku ya kazi, kutoka saa mbili ya asubui.